Kufuli la Fundi Mlangoni Kwangu

3 Machi

Dada yangu Koleo,

Shikamoo. Huku tuko wazima, na wewe huko juu ya majengo yako natumaini hujaanguka. Kifaru ameota meno ya mbele, na kichwa chake kigumu kama jina lake. Akitaka kunyonya ananigonga kifuani kwa paji la uso mpaka naona nyota. Mtoto wa kike, lakini ubishi wote umemwishia yeye.

Nina habari njema. Tumepata jiko la kujengea, la umeme. Oveni inaingia ndani ya kabati kama droo, na juu kwenye kaunta kuna kioo cheusi chenye maduara ya moto. Baba Kifaru alilitoa kwa mteja aliyekuwa anabadilisha jiko zima, akalitengenezea kabati lake, unaujua mkono wake kwenye mbao. Mama Cherehani wa jirani amekuja kulitazama, akasema sasa sisi ni watu wakubwa, nisije nikaanza kumsalimia kwa ncha za vidole.

Ila dada, linauma. Nikigusa ukingo wa chuma na mkono una maji, linaning'ata kuanzia vidole mpaka kiwiko. Baba Kifaru anasema linanizoea. Waya kauvuta mwenyewe kutoka soketi ya friji, kaupitisha nyuma ya kabati. Plagi ikikaa muda inakuwa ya moto kama yai lililotoka kuchemshwa. Wewe ndiye fundi umeme wetu, niambie kama ndiyo kawaida ya majiko haya. Usimpigie yeye simu kumuuliza, hapendi. Yangu ilianguka ikavunjika, ndiyo maana naandika. Nijibu kwa sanduku la posta la duka la Mama Cherehani.

Jiko hili limenifurahisha, nisikufiche. Nimejiambia nyumba yenye jiko kama hili haiwezi kuwa na maneno. Nimeungua kidogo kwenye kifundo cha mkono, ni jiko hilo hilo, tutazoeana tu.

Mdogo wako,
Mama Kifaru


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijaanguka, na hao wanaoombea nianguke waambie wasubiri foleni.

Acha kulitumia hilo jiko leo hii. Jiko halimzoei mtu. Likikung'ata maana yake umeme umevuja kwenye chuma chake, unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyopo ni wewe. Sasa kaa chini nikueleze kama ninavyowaeleza mafundi wapya, ila bila matusi.

Jiko la kujengea linakula umeme kuliko karibu kila kitu kingine ndani ya nyumba. Kwa hiyo linapewa kebo yake peke yake, nene, inayotoka moja kwa moja kwenye sanduku la umeme, na breka yake peke yake, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Halichangii soketi na friji. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, unafungwa kwa skrubu kwenye mwili wa chuma, ili umeme ukitoroka ushukie huko usikupitie wewe. Na ukutani inawekwa swichi kubwa ya kulizimia, pembeni, pale mkono unapofika. Haiwekwi juu ya moto, maana nani atanyoosha mkono juu ya mafuta yanayowaka? Haiwekwi nyuma ya oveni, maana siku ya hatari hakuna mwenye nafasi ya kuvuta kabati. Hizi ni sheria za kazi, sijazitunga mimi, na nimezika wenzangu walioziona ni mapambo.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kufuli langu jekundu. Sisi tukizima umeme ili tufanye kazi, kila fundi anatia kufuli lake kwenye swichi na ufunguo anaubeba mwenyewe. Ufunguo ni mmoja, wa akiba haupo, ndiyo maana ya kufuli hilo. Hata mkubwa wa kazi akija analizunguka tu, haligusi. Zima breka ya soketi za jikoni, funga mlango wa sanduku la umeme kwa kufuli hilo, ufunguo ufunge kwenye pindo la khanga. Pikia jiko la zamani. Nikipata ruhusa nitakuja kulifunga hilo jipya inavyotakiwa.

Halafu nijibu maswali madogo. Umeungua juu ya kifundo au chini? Na simu ilianguka kutoka wapi?

Dada yako,
Koleo


19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Kufuli lilifika, nikafanya yote kama ulivyosema, nikajiona na mimi fundi.

Baba Kifaru aliudhika kidogo. Alirudi akawasha jiko, halikuwaka. Akaenda kwenye sanduku la umeme akakuta kufuli. Akaniuliza nani mwenye nyumba. Nikamweleza habari ya waya wa ardhi, vizuri tu, kwa sauti ya chini, akasema kumbe ninamsema kwa watu kwamba hajui kazi. Ufunguo sikumpa, nilisahau kwa hofu ulipo, basi akautafuta mwenyewe mpaka akaupata. Jicho langu la kushoto limevimba, nilijigonga kwenye mlango wa kabati uliokuwa wazi. Makabati yake yana pembe kali, wateja wanayasifia.

Jiko linawaka tena. Soketi imegeuka rangi ya chai. Kufuli amelipenda, anasema ni chuma cha kweli, sasa analifungia mlango wa nje kila akitoka asubuhi, kwa ajili ya wezi. Mimi na Kifaru tunabaki ndani mpaka arudi. Barua yako Mama Cherehani alinipitishia kwenye nondo za dirisha, na hii nitampa hapo hapo. Tulicheka, akasema siku hizi mimi ni dhahabu, nawekwa benki.

Umeuliza. Niliungua upande wa chini, kwenye ile ngozi laini. Simu ilianguka kutoka juu.

Usiwe na wasiwasi, dada. Huu ni msimu wa kazi nyingi, wateja wanamsumbua. Ukiisha atatulia.

Mdogo wako,
Mama Kifaru


24 Machi

Shemeji,

Natumaini u mzima. Nimesoma barua yako uliyomwandikia mke wangu. Una mwandiko mzuri.

Nakushukuru kwa kufuli. Nimelijaribu kwa nyundo, halikupata hata mkwaruzo. Vitu vya siku hizi si vya kuaminika, lakini hicho ni cha kuaminika.

Nyumba yangu ina fundi mmoja. Nimeivutia nyaya mwenyewe, nimeijengea makabati mwenyewe, na mke niliyemweka humo namfundisha mwenyewe. Kila barua yako ikiingia humu, yeye ndiye anayeilipia. Nakwambia kwa heshima, ili baadaye usiseme hukuambiwa. Yeye ni mwembamba, unajua. Hana pa kupokelea.

Mtoto anakusalimu.

Shemeji yako


27 Machi

Mdogo wangu,

Hii nimemtumia Mama Cherehani akupe mkononi, uisome amesimama hapo dirishani, kisha aondoke nayo.

Nimeona watu waliopigwa na umeme. Nimewabeba. Umeme unaacha doa dogo jeupe pale ulipoingilia na kidonda pale ulipotokea. Hauvimbishi jicho. Na jiko la moto linamuunguza mpishi juu ya mkono, au vidoleni. Chini ya kifundo, kwenye ngozi laini, mtu haungui mpaka mkono wake ugeuzwe na kushikiliwa.

Nilijua tangu barua ya kwanza. Nikakuandikia habari za kebo, kwa sababu kebo naiweza. Kisha nikakupelekea kufuli lisilo na ufunguo wa pili. Nimewaza mpaka usingizi siujui, mdogo wangu. Chuma nilichokununulia mimi, kwa fahari yangu ya fundi, ndicho kimekufungia ndani na soketi inayoiva.

Nataka neno moja tu kutoka kwako. Anakupiga?

Nakuja Jumamosi. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua kabla sijafika, usiulize mtu ruhusa. Shusha meni swichi, umeme wote ukatike. Maji usimwage. Lala chini na mtoto, moshi unakaa juu.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Ndiyo.

Nimeandika hilo neno halafu nikakaa nikalitazama. Kifaru amelala mgongoni, Mama Cherehani amesimama nje anajifanya anatundika nguo.

Alianza nikiwa na mimba, kofi moja, akalia yeye kuliko mimi. Baadaye akaacha kulia. Simu aliitupa ukutani, vipande akanifanya niviokote kwa mdomo. Siku ya kufuli aliutafuta ufunguo kwa kunivua nguo zote jikoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi, kisha akanigongesha uso kwenye mlango wa kabati, akiufungua na kuufunga, akiufungua na kuufunga, kama anajaribu bawaba.

Juzi chakula kilichelewa kwa sababu umeme ulikuwa unakatika kila nikiwasha oveni. Akawasha duara la mbele peke yake, akasubiri mpaka likawa jekundu. Akaniita kwa jina la utani alilokuwa akiniita wakati wa uchumba wetu. Akashika mkono wangu wa kulia akakilaza kiganja pale, akakikandamiza kutoka juu kwa mkono wake. Nilisikia kwanza sauti, dada, maumivu yalikuja nyuma. Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Kifaru alikuwa amekaa sakafuni anatutazama. Akamwambia mtoto, unaona, mama yako sasa hatasahau wapi panawaka.

Nilikuwa nasema atatulia. Sasa sisemi. Unajua mimi, natumaini hata pasipo na kitu cha kutumainia, lakini mtoto ameanza kumwangalia baba yake kabla ya kuangalia chakula. Nataka tutoke. Hilo tu ndilo ninalotaka duniani, nitoke na mwanangu.

Njoo Jumamosi. Usije na vita, njoo na mkasi wa kukatia chuma.

Mama Kifaru


12 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Wameniambia humo mahabusu barua zinasomwa kabla hazijakufikia, basi hii nimempa wakili aliyejitolea kukusimamia akupe mkononi. Tuko chumba cha nyuma dukani kwa Mama Cherehani. Ulichukuliwa kabla sijakueleza yaliyotangulia, na wakili amesema uyajue yote.

Jumamosi ile asubuhi Baba Kifaru aliwasha oveni mwenyewe, akasema akirudi akute imepasha nyumba, akafunga akaenda kazini. Nilisikia harufu uliyosema. Kisha sauti kama mtu anakaanga nyuma ya kabati. Moto ukatokea kwenye ile soketi, ukapanda mbao alizozipaka vanishi, ulimi mmoja tu ukawa ndimi nyingi. Nikashusha meni swichi. Mbao hazikujali, zilikuwa zimeshakolea.

Mama Cherehani na majirani walifika mlangoni wakapiga kufuli kwa mawe, kwa shoka, kwa chuma cha gari. Halikutikisika. Nilikuwa nimelala chini na Kifaru kifuani, mtoto anakohoa anatapika, nikakumbuka mlango ule ameuning'iniza yeye na mimi nilimshikia. Unafungukia ndani, bawaba ziko upande wetu, na kila bawaba ina kijiti cha chuma katikati. Nikachukua kisu na mchi. Kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa, kikafumuka, damu ikanifanya niteleze. Kijiti cha chini kikatoka, cha katikati kikatoka. Cha juu nilikipiga nimefumba macho kwa moshi, nikakikosa nikajipiga kidole, nikapiga tena. Nikauvuta ule ubavu, watu wakausukuma, mlango ukaniangukia begani pamoja na kufuli lake.

Walishamwita. Alipofika hakuutazama moto. Aliutazama mlango. Akainama akalifungua kufuli taratibu kwa ufunguo wake, mbele ya watu wote, akalikunjia ngumi akanipiga nalo mdomoni. Meno yalitoka nikayasikia kwenye ulimi kama punje za mahindi. Watu walipiga kelele, lakini hakuna aliyesogea, wanasema ni mambo ya mume na mke. Akanishika nywele akanivuta kurudi ndani kwenye moshi. Akasema nikazime nilichokiwasha.

Ndipo ukaja wewe na begi lako. Sikukutambua, niliona tu bomba la chuma, lile la kupitishia nyaya. Pigo la kwanza lilimpata begani, nywele zangu zikaachiwa. La pili tayani. La tatu alikuwa tayari chini.

Polisi wanauliza hilo la tatu kila siku. Nimewaambia sikuona, nilikuwa na damu machoni. Nisikie kwako niseme nini.

Moto majirani waliuzima, jikoni tu ndiko kulikoteketea; mkaguzi wa umeme alikuja akaipiga picha ile soketi, imekuwa donge jeusi. Ameuliza swichi ya ukutani ilikuwa wapi. Nikamwambia haikuwepo. Akaandika, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nina pa kulala.

Mdogo wako,
Mama Kifaru


20 Aprili

Mke wangu,

Taya langu limefungwa kwa waya, siwezi kuongea, basi nami nimejifunza ugonjwa wenu wa kuandika. Nakunywa uji kwa mrija kama mtoto. Sikulaumu.

Nimefikiri sana hapa nyumbani kitandani. Dada yako atafungwa. Mtu aliyekwisha kuanguka hapigwi, hakimu yeyote atasema hivyo, na mashahidi ni mtaa mzima. Kazi yake itaishia hapo, nani atampa nyumba yake fundi aliyetoka jela? Lakini mimi naweza kusema niliteleza nikaangukia kizingiti. Wewe utasema moto ulitokana na mafuta uliyoyaacha jikoni. Kila mtu atarudi kwake. Dada yako juu ya majengo yake, wewe nyumbani, mtoto kwa baba yake.

Nimemwambia fundi mwenzangu aanze kuranda mbao za kabati jipya. Nimemwachia vipimo. Nafasi ya jiko ipo.

Kesi inasikilizwa katikati ya Mei. Njoo kabla ya hapo, jioni, nitaacha mlango wazi.

Mumeo


26 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzigo wa sabuni na chumvi umefika, sabuni wameikata katikati kutafuta sijui nini, labda bastola.

Wakili amenionyesha barua ya huyo bwana. Nakujua, umeshaanza kukunja nguo za mtoto. Zifungue.

La tatu nililipiga nikijua. Alikuwa chini, mikono imemlegea, na bado nilinyanyua bomba nikalishusha, na lingekuwepo la nne kama Mama Cherehani asingenishika kiuno. Waambie hivyo hivyo. Ukiwadanganya kwa hilo moja hawatakuamini kwa kiganja, hawatakuamini kwa mlango, na wakili wake atakuvua nguo mara ya pili. Nitabeba hilo la tatu, ni langu. Usininunulie njia ya kutoka kwa ngozi yako. Nikitoka humu nikakukuta kwenye ile nyumba, nitakuwa nilimvunja mtu taya bure.

Mama Cherehani asimame na wewe siku ya kesi. Funga kiganja kwa kitambaa chepesi kisichogandana na kidonda.

Dada yako,
Koleo


2 Mei

Baba Kifaru,

Nimeipata barua yako. Ni kweli nilikunja nguo za mtoto. Nilizikunja, nikazitia kwenye mfuko, nikakaa na mfuko mapajani mchana mzima. Nilikuwa nawaza dada yangu anavyolala kwenye saruji kwa ajili yangu, na nilikuwa nawaza labda taya limekufundisha. Mimi ni mtu wa kutumaini, umelijua hilo tangu zamani, umelitumia sana.

Kisha nyumba ya pili walianza kugonga msumari ukutani, wanatundika kioo tu. Kifaru alikuwa anacheza na vitambaa. Aliposikia nyundo alitambaa mpaka chini ya cherehani, akakaa huko na mkono mdomoni. Nilipoinama kumtoa nikaona analia. Machozi yanamtiririka, kifua kinapanda na kushuka, na hakuna sauti inayotoka. Mtoto ambaye hajui hata kusema maji ameshajifunza kulia kimya. Mimi ndiye niliyekuwa namziba mdomo, usiku na mchana, ili usikasirike. Nilidhani namficha kwako.

Nimezifungua zile nguo nikazipanga kwenye rafu.

Sitasema niliacha mafuta. Sitasema uliteleza. Nitamwambia hakimu dada alikupiga mara tatu na ya mwisho ulikuwa chini, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niseme. Kisha nitaomba ruhusa nifungue kitambaa nimwonyeshe mkono, na nitamwonyesha pengo la mdomo, na mkaguzi atasema yake kuhusu nyaya. Watakachomhukumu dada nitakisikia nimesimama. Akibaki ndani nitampelekea chakula kila siku ya kutembelea wafungwa, na Kifaru nitamfundisha amwite mama mkubwa kupitia kwenye wavu.

Nafasi uliyoiacha kwenye kabati, weka droo.

Leo nimemwambia Mama Cherehani awe anamchokoza mtoto, amnyang'anye vitambaa, amuudhi. Asubuhi alimnyang'anya chekundu. Kifaru akamkazia macho, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliowatoa wateja nje ya duka. Hatukumnyamazisha. Tulisimama wote wawili tukamsikiliza mpaka alipomaliza.

Mama Kifaru